Uinjilisti wa miaka 19 utanifikisha uzamili?

SWALI: Shikamoo Mama Mchungaji. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa huku Rungwe, nina miaka 43, kati ya hiyo 19 ni ya utumishi. Nina kidato cha nne na cheti cha chuo cha Biblia. Mgeni wetu kutoka Marekani alisema kwao mtu husoma uzamili wa huduma bila shahada ya kwanza, kwa uzoefu wake. Je, nami naweza?
Mwinjilisti, Tukuyu

JIBU: Marahaba, Mwinjilisti. Mgeni wako hakukudanganya, ila alikata habari katikati. Vyuo vya theolojia vya Marekani na Kanada vyenye ithibati ya ATS, chama cha vyuo hivyo, vimekuwa vikipokea watu wachache wa namna yako katika baadhi ya programu za uzamili, na kwa miaka mingi ukomo umekuwa asilimia 15 ya wanafunzi wa programu husika. Hao nao hawapokelewi kwa kuhesabiwa miaka. Lazima waonyeshe kwamba wanamudu kusoma na kuandika kwa kiwango hicho.

Kwetu, katika mfumo wa taifa wa ngazi za elimu, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, uzamili ni ya 9, na uzoefu wako unakufungulia mlango wa 8. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ule unaoitwa RPL, wenye mtihani wake. Pita kituo cha Chuo Kikuu Huria hapo Mbeya uulize tarehe za mtihani huo.

Najua hukutaka jibu hili. Mimi nilianza shahada ya kwanza Iringa nikiwa na miaka 44, nimekaa na vijana wa rika la kifungua mimba wangu. Wiki ya kwanza nililia bwenini. Tulipofika kwenye somo la kuwahudumia wafiwa, vijana walewale wakawa wanagonga mlango wangu usiku: Mama, ukifika msibani unaanza na neno gani?

Basi anza kukusanya ushahidi wa uzoefu wako sasa. “Nimehudumu miaka 19” haimwambii msomaji kitu. Kama umewahi kusuluhisha ndugu waliogombea shamba la chai baada ya mzee kufariki, andika: mlikaa mara ngapi, ulisema nini, wapi ulikosea, leo ungefanyaje. Majina yao yafiche, ni siri za watu. Ambatanisha mihtasari ya vikao ulivyoongoza na barua ya mchungaji wa usharika.

Ukipata nafasi nje, iulize TCU kwa maandishi kama shahada hiyo itatambuliwa, kabla hujalipa chochote. Na anayekuuzia shahada “kwa uzoefu” bila masomo, mkimbie. Rafiki yangu wa Makambako aliuza ng'ombe wawili, akaletewa karatasi yenye muhuri wa dhahabu ambayo hakuna chuo kilichoipokea.

Wiki hii andika kisa kimoja tu, kurasa mbili, kwa mkono. Mpe mchungaji wako asome, akuulize maswali, kisha ukiandike upya.