Hesabu za Kidato cha Kwanza: maswali yenu na majibu

Matokeo ya mtihani wa kwanza yamerudi nyumbani, na simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali machache.

Habari za kazi mwalimu. Binti yangu alimaliza darasa la saba na A ya Hisabati. Sasa yuko Kidato cha Kwanza, kaja na 28. Hesabu za sekondari ni ngumu kiasi hicho? — Mama, Mbagala

Pole mama. 28 ni F kweli, maana D inaanzia 30, lakini kabla hujamgombeza kaeni chini mfungue ile karatasi pamoja. Utashangaa. Sehemu, desimali, asilimia, vipimo, uwiano, faida na hasara, mzingo na eneo: vyote hivyo alishavisoma. Aljebra na grafu nazo alishazionja, ila sasa zinaingia ndani zaidi, na hata hizo mwanzoni huenda polepole.

Kilichomwangusha, nadhani, ni lugha. Miaka saba kaambiwa kigawo na kigawe, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Leo anakuta “factor” na “multiple” kwenye swali moja, na hakuna aliyemwambia kuwa ni wale wale. Juzi kijana wangu wa tuisheni aliulizwa “product” ya 6 na 4, akaandika 10. Nikamwuliza, hiyo “product” ni nini? Akajibu bila wasiwasi: “Bidhaa, mwalimu.” Ni kweli ni bidhaa, ila siyo pale. Nilipomwambia ni zao la kuzidisha, 24 ilitoka hata kabla sijamaliza sentensi.

Mnunulie daftari dogo. Upande wa kushoto neno la Kiingereza, kulia la Kiswahili, na mfano wa namba mbele yake, kwa sababu neno bila mfano halikai kichwani. Halafu jioni mwambie akueleze swali moja kwa Kiswahili huku mnamenya mihogo. Wewe huhitaji kujua jibu. Akikwama kueleza, hapo ndipo pa kumpeleka kwa mwalimu wake kesho.

Shikamoo mwalimu. Kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya? Darasani tuliambiwa tukariri. — Mwanafunzi, Tandika

Marahaba. Swali zuri, na kukariri kutakuvusha mtihani mmoja tu. Tazama hizi: 3 × −4 ni −12. 2 × −4 ni −8. 1 × −4 ni −4. 0 × −4 ni 0. Kila hatua jibu linapanda kwa 4. Sasa shuka tena: −1 × −4. Mfuatano ukiendelea vile vile, jibu ni 4. Haliwezi kuwa jingine bila kuvunja mpangilio.

Kama unapenda ya dukani: una madeni mawili kwa Mangi, kila moja shilingi 500, yaani −500. Siku Mangi akiwa na furaha anayafuta yote mawili. Kufuta mawili ni −2. Basi −2 × −500 ni 1,000, na kweli umekuwa na 1,000 zaidi ya ulivyokuwa asubuhi. Ila usihamishie sheria hii kwenye kujumlisha. −3 + −4 ni −7. Madeni mawili yakikutana hayageuki mtaji! Kosa hili nalisahihisha kila wiki.

Mimi nilifundishwa MAGAZIJUTO. Mwanangu kaleta 10 − 4 + 3. Mimi napata 3, kitabu kinasema 9. — Baba, Kigamboni

Kitabu kiko sahihi, baba, ingawa lawama nyingi naitupia ile MAGAZIJUTO yenyewe. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: ukiisoma unadhani kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Sivyo. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja, na anayeanza ni aliye kushoto. Kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo.

Fikiria daladala yenye abiria 10. Kituo hiki wanashuka 4, kinachofuata wanapanda 3. Konda anahesabu 9. Wewe uliwajumlisha walioshuka na waliopanda, ukawashusha wote 7.

22/7 na 3.14, ipi ndiyo pai? — Mwanafunzi, Ubungo

Hakuna. Pai ni 3.14159 na kuendelea bila kikomo wala kujirudia. 22/7 imezidi kidogo, 3.14 imepungua kidogo, na 22/7 ndiyo iliyo karibu zaidi. Kwenye mtihani tumia uliyopewa. Kipenyo kikiwa 14 au 21, utafurahi ukipewa 22/7, maana ile 7 inakatika.

Nauza mitumba Karume. Suruali nimenunua 8,000, nimeuza 10,000. Kijana wangu anasema faida ni asilimia 25, mimi nasema 20. — Baba, Ilala

Shuleni faida inapimwa kwa bei ya kununulia: 2,000 kwa 8,000, ni asilimia 25. Hiyo 20 yako ni fungu la faida ndani ya mauzo, nayo ina kazi yake dukani, ila kijana akiiandika kwenye mtihani atakosa.

Mwonyeshe na hii: mteja akiomba punguzo la asilimia 25, usidhani utarudi kwenye 8,000. Robo ya 10,000 ni 2,500. Utauza 7,500, na hapo umekula mtaji, 500 nzima.

Hizo grafu za x na y zinamsaidia nini mtoto? — Mzazi, Sinza

Ukimwambia mtu mkutane kona ya Msimbazi na Uhuru, umeshampa x na y. Mitaa miwili, nukta moja. Kaanze naye hapo.

Mwalimu, mjukuu wangu ananiomba hela ya mkebe kila mwezi. Mkebe unaliwa? — Bibi, Temeke

Shikamoo bibi. Hauliwi, unaazimwa. Kinachopotea ni bikari na protrakta, rula wanaipigania tu. Usimnunulie mkebe mzima. Mpe hela ya bikari peke yake, na mwambie akuletee ya zamani uione.