Ufadhili wa asilimia mia na maisha ya chuo: niliyoyaona Mlimani

Mkuu, umeuliza kama binti yako aliyepata Samia Scholarship (ufadhili wa serikali usiorudishwa) ataishi tofauti na wenzake wa mkopo, au ni jina kubwa tu. Mimi nilisoma uhandisi UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kabla ufadhili huo haujaanza (ulianza 2022/23). Nililipiwa na taasisi binafsi kila kitu: ada, malazi, chakula, vitabu, hela ya mafunzo kwa vitendo. Chumbani Mabibo Hostel niliishi na watoto wa bodi, yaani waliokopeshwa na Bodi ya Mikopo (HESLB), kwa hiyo pande zote mbili nazijua.

Kwenye kula hakuna tofauti kubwa. Enzi zetu bumu, yaani hela ya kujikimu inayotoka bodi, lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ndiyo likapanda kuwa 10,000 mwaka 2022, na posho yangu ilikuwa humo humo. Tofauti ni kwamba yangu ilikuwa na tarehe. Bumu likichelewa, chumba kizima kinapiga pasi ndefu: chai inarukwa, mlo unasogezwa hadi saa kumi jioni ili uunganishe na usiku, na daftari la mama ntilie linajaa majina. Mtu anakaa kwenye lekcha ya saa tano akiwaza atakula wapi. Kipindi kama hicho mwenye posho ndiye benki ya chumba, binti yako ajiandae. Akopeshe kiasi ambacho hata kisiporudi hatalia.

Kubwa kuliko hela ni muda. Rafiki yangu mmoja alipata mkopo usiofika asilimia mia, ada iliyobaki ilikuwa juu ya nyumbani, na nyumbani hakukuwa na kitu. Kila Jumamosi alfajiri alikuwa anapanda daladala kwenda Kariakoo kumsaidia mjomba wake dukani, anarudi usiku miguu imevimba. Jumatatu tuna test. Huyu jamaa hesabu alikuwa ananifundisha mimi! Lakini mwisho wa mwaka GPA yangu (wastani wa alama) ilikuwa juu ya yake, na watu wakasema mimi nina akili. Akili gani? Jumamosi zake nilikuwa maabara au nimelala.

Sasa upande ambao hausemwi. Mfadhili wangu alitaka GPA isishuke chini ya 3.5, yaani upper second, daraja la pili la juu. Ukishasaini hilo, unaanza kuishi kwa tahadhari. Kozi za kuchagua nilichukua zile ambazo waliotangulia walisema "zinatoa A", nikaacha niliyoipenda kwa sababu mwalimu wake alisifika kwa sapu, yaani kurudisha watu mtihani. Mwenye mkopo naye anaogopa kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), ila akipata 3.1 maisha yanaendelea. DARUSO, serikali ya wanafunzi, sikuthubutu kugombea hata uwakilishi, maana ukisimamishwa wewe mwenye ufadhili unapoteza vyote kwa mkupuo. Kwenye vikao vya kudai bumu nilikuwa nakaa nyuma kabisa, na wenzangu waliliona hilo.

Na hapa nakugusa wewe mzazi, usinune. Nyumbani wakisikia "amelipiwa kila kitu", posho inageuka mshahara. Kwetu nilianza kuombwa vocha, ikafuata ada ya mdogo wangu, kisha mchango wa harusi ya mtu nisiyemfahamu. Kukataa siwezi, kwa hiyo vitabu vikawa fotokopi. Posho imepigiwa hesabu ya mtu mmoja anayekula na kusoma, basi. Kaeni naye kabla hajaondoka, umwambie mbele ya ndugu zake kwamba hela ile si ya ukoo. Yeye mwenyewe hawezi kulisema hilo, lazima litoke kwako.

Faida nyingine niliiona baada ya kuhitimu. Aliyekopa, akiajiriwa, bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi deni liishe (ile nyongeza ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, angalau). Mimi sikuwa na deni, kwa hiyo niliweza kukubali kazi yenye malipo kiduchu kwenye karakana ndogo ya mitambo ya maji, kwa sababu pale nilikuwa nashika vyuma kwa mikono yangu. Yule rafiki yangu alichukua kazi ya kwanza iliyolipa, haina uhusiano na alichosomea.

Kabla binti hajasaini, someni masharti neno kwa neno. Angalieni inakuwaje akiugua akaahirisha mwaka, akipata sapu moja, akitaka kubadili kozi, na kama hela ya mafunzo kwa vitendo inatoka kabla hajaripoti kituoni au baada. Hilo la mwisho ni muhimu akipangiwa mkoa asio na ndugu. Ukiwa na karatasi ya masharti iweke hapa, ficha jina lake, tuisome wote.