Nenosiri jipya, ufunguo uleule

SWALI: Kompyuta yangu ya mkononi imeibwa. Ilikuwa na restic, programu ninayotumia kupeleka bakapu kwenye hifadhi ya mtandaoni, na nenosiri lake nililiandika kwenye faili la kawaida. Siku hiyohiyo nimelibadilisha kwa amri ya restic key passwd. Je, ufunguo wa usimbaji nao umebadilika?

JIBU: Haujabadilika. Ufunguo mkuu, ule unaofunga data kwa AES (njia ya usimbaji) ya biti 256, huundwa mara moja tu, siku unapotoa amri ya init, ile ya kuanzisha hifadhi. Nenosiri halifungi data. Linafunga ufunguo huo. Ulichobadilisha ni kufuli la kisanduku chenye ufunguo, na huenda mwizi ameshakifungua. Kama alifika kwenye hifadhi kabla hujalibadilisha nenosiri, amri ya restic cat masterkey ingemwandikia ufunguo wote peupe kwenye skrini.

Kabla ya lolote, ingia kwa mtoa huduma wa hifadhi, futa ruhusa za kuingilia zilizokuwa kwenye kompyuta ile, kisha tengeneza mpya. Wengi hukimbilia ufunguo wakasahau hili, na mwizi anabaki na uwezo wa kukufutia kila kitu bila kuhitaji kusoma hata faili moja.

Baada ya hapo anzisha hifadhi nyingine, yenye nenosiri jingine kabisa, uhamishie bakapu zako (mpya na kongwe hapa zinasimama badala ya anwani za hifadhi zako mbili):

restic -r mpya init
restic -r mpya copy --from-repo kongwe

Data yote inashushwa, inafunguliwa, inafungwa kwa ufunguo mpya na kupandishwa tena, kupitia mashine yako. Kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, GB 200 zitachukua zaidi ya saa 44. Ikikatika njiani, rudia amri ileile. Snapshoti, yaani bakapu moja moja, zilizokwisha kunakiliwa zitarukwa.

Restic hukata faili vipande ili vinavyofanana vihifadhiwe mara moja tu. Utaona watu wakishauri kuongeza --copy-chunker-params kwenye init, ili hifadhi mpya ikate kama ya zamani. Bila hiyo, bakapu zijazo zitakatwa vipande mahali tofauti na zile ulizohamisha, visilingane, na faili zilezile zinaweza kula nafasi hadi mara mbili. Ila ukiiweka, unarithi pia siri ya ukataji ambayo mwizi huenda anayo. Kwa kompyuta iliyoibwa, sisi tungevumilia hasara ya nafasi.

Usifute ya zamani haraka. Endesha restic -r mpya check --read-data, ambayo husoma kila kipande badala ya kukagua orodha tu, kisha rejesha faili moja au mbili uzifungue kwa macho yako. Ukiridhika, futa hifadhi kongwe pamoja na matoleo yake ya awali, kwa sababu baadhi ya hifadhi huendelea kuyatunza kimyakimya.

Na kama kumbukumbu za mtoa huduma zinaonyesha kuna mtu aliyeshusha data baada ya wizi, nakala aliyonayo itafunguka kwa ufunguo wa zamani siku zote. Hapo badilisha kila nenosiri lililokuwamo ndani ya bakapu.