Zipangeni Lugha za Programu kwa Namna Zinavyowafikirisha, Ndipo Mchague ya Kuanzia

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbeya aliniandikia ujumbe mrefu. Alianza kujifunza Python, rafiki yake akamshauri ahamie Java kwa kuwa ndiyo yenye ajira, mwingine akamhakikishia kwamba JavaScript ndiyo inayolipa, na sasa anaona amezishika zote nusunusu na hana hata moja anayoweza kuitegemea. Alitaka nimtajie lugha moja tu. Nimeamua kumjibu hapa mbele ya wote, kwa sababu jina la lugha moja halitamtoa alipo, na kwa sababu najua wengi mnaosoma makala haya mnatamani anachokitamani yeye: kuandika programu zenu wenyewe, zitumiwe na watu, na ziwape kipato cha heshima.

Ninachomshauri ni kwamba azipange kwanza lugha hizo kwa mtindo wa kufikiri ambao kila moja inamdai mwanafunzi wake. Wataalamu huuita mtindo huo paradaimu, na Robert Floyd aliufanya kuwa mada ya hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1978. Ni namna mtu anavyolitazama tatizo kabla hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Anayehama lugha lakini akabaki katika mtindo uleule hujifunza tahajia mpya tu, ilhali anayehama mtindo huanza upya hata kama lugha haikubadilika. Msomaji wangu amehama vyote viwili kwa pamoja, tena bila kuambiwa, na hapo ndipo anapopotelea.

Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu ya njia niliyopita mimi. Sikusomea kompyuta. Nilikuwa karani wa hesabu katika chama cha ushirika mkoani Kilimanjaro, na chombo changu cha kazi kilikuwa lahajedwali. Baadaye mwenzangu aliyesimamia kanzidata alianza kunifundisha SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, kila tulipopata nafasi mchana, nikafikia hatua ya kutoa mwenyewe ripoti za malipo ya kahawa ambazo awali tulizisubiri kutoka kwa watu wa nje. Nilijivunia kazi ile, na ninajivunia hadi leo. Kisha nikaomba kazi katika kampuni moja jijini Dar es Salaam, nikaitwa kwenye usaili, na mmoja wa waliokuwa wakinihoji akaniambia mbele ya wenzake kwamba SQL na fomula za Excel si lugha za programu, kwa hiyo mimi bado sijaanza. Wenzake walicheka. Miaka imepita, nimeandika mifumo inayotumiwa na vikundi vya kuweka na kukopa katika mikoa kadhaa, na bado nikikumbuka kicheko kile moyo unauma.

Unauma zaidi kwa kuwa alichokisema hakikuwa kweli. SQL ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, watafiti wa IBM, katika miaka ya mwanzo ya 1970, juu ya msingi wa hisabati ya mahusiano ambayo Edgar Codd aliichapisha mwaka 1970. Ni lugha ya mtindo wa tamko: unaeleza matokeo unayoyataka, na mashine ndiyo inayoamua njia ya kuyafikia. Fomula za lahajedwali nazo zina udugu wa karibu sana na mtindo wa funksheni, ambao programu hutungwa kwa kanuni zinazopokea thamani na kutoa jibu, kama katika hisabati. Ukiandika katika seli ya D2 kwamba ni B2 mara C2, umetangaza uhusiano; ukibadilisha bei katika B2, D2 inajirekebisha yenyewe, na hakuna mahali ulipoiambia kompyuta ianzie wapi na iishie wapi. Mwaka 2020 Microsoft ilitangaza LAMBDA, ambayo humwezesha mtumiaji wa Excel kutunga funksheni zake mwenyewe kwa fomula tupu. Bwana yule alikuwa anajua mtindo mmoja, akaudhania kuwa ndio fani nzima.

Nilipofungua somo langu la kwanza la Python nilikutana na mstari usemao jumla = jumla + kiasi, na akili yangu yote ya kikarani ikaukataa, kwani katika Excel seli inayojitaja yenyewe huletewa onyo la fomula inayojizunguka. Aliyekuwa akifundisha katika video ile aliupita mstari huo bila neno, maana kwake ulikuwa dhahiri. Mimi nilitoka katika mtindo ambao jina hubeba thamani yake na kukaa nayo, nikaingia katika mtindo ambao jina ni sehemu ya kumbukumbu inayofutwa na kuandikwa upya kila hatua. Hakuna kozi niliyoiona iliyonitahadharisha kwamba navuka mpaka. Ninaamini wanafunzi wengi wanaojiona wazito wa kuelewa wamekwama kwenye mpaka wa aina hii, na hakuna aliyewaonyesha ulipo.

Tuchukue basi mfano mmoja na tuupitishe katika mitindo. Kikundi kina orodha ya michango ya wanachama, na mhazini anataka jumla ya michango isiyopungua shilingi 20,000.

Katika mtindo wa amri unaanza na jumla ya sifuri, unapita katika orodha kwa kitanzi, yaani amri zinazorudiwa kwa kila mchango, kila mchango unaofikia kiwango unauongeza kwenye jumla, na mwisho unachapisha. Hapa ndipo zilipo BASIC, ambayo John Kemeny na Thomas Kurtz waliianzisha katika Chuo cha Dartmouth mwaka 1964 ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta, na Pascal, ambayo Niklaus Wirth aliitoa mwaka 1970 akilenga hasa kufundishia. C nayo ni ya hapa, ingawa haikubuniwa kwa ajili ya wanaoanza, na usimamizi wa kumbukumbu inaoudai ni mzigo ambao sioni sababu ya kumtwika mtu katika mwezi wake wa kwanza. Na Python ni ya hapa pia, nami ninasisitiza hilo, kwa maana ya Python inayoandikwa na mwanafunzi.

Ninasisitiza kwa sababu orodha nyingi zinazosambaa mitandaoni huiweka Python katika kundi la lugha za vitu, yaani zinazofunga data na kazi zake pamoja, kisha zinaishia hapo. Ni kweli kwamba kila thamani ndani ya Python ni kitu. Lakini Guido van Rossum, aliyeanza kuiandika mjini Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989, hakumlazimisha mtu kuandika klasi (kiolezo cha kutengenezea vitu) hata moja, na mwanafunzi anaweza kuandika kwa muda mrefu bila kuihitaji. Lugha hiyohiyo inakuruhusu kulijibu swali la mhazini kwa mtindo wa funksheni katika mstari mmoja:

sum(m for m in michango if m >= 20000)

Kwa hiyo kuuliza Python ni ya mtindo gani kunamchanganya anayeanza. Mimi huipanga lugha mahali ambapo kazi za mwanzo za mwanafunzi huangukia, na kwa kipimo hicho Python ni lugha ya amri yenye milango iliyo wazi kuelekea mitindo mingine.

Java ni habari tofauti. Kwa miaka mingi programu ndogo kabisa ya Java, ya kuchapisha salamu tu, ilimtaka mwanafunzi aandike klasi na maneno kadhaa ambayo maana yake angeielewa baada ya masomo mengi. Matoleo ya karibuni yamepunguza mzigo huo, lakini vitabu na vyuo vyetu bado vinafundisha kwa utaratibu wa zamani. Mtindo wa vitu wenyewe una asili nzuri. Ulitokea Oslo katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotengeneza Simula ili kuiga mifumo ya dunia halisi, ndipo Alan Kay na wenzake wakaukuza kwa Smalltalk kule California. Katika kikundi chetu, mwanachama anakuwa kitu chenye jina, salio na uwezo wa kuweka au kukopa, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa salio lake ila kwa kupitia uwezo huo. Anayeanza na jumla ya michango haoni faida ya hayo yote. Faida huja pale mkopo, faini na gawio vinapoingia, na kila kimoja kina masharti yake. Ruby, ya Yukihiro Matsumoto wa Japani, inayafundisha haya kwa upole zaidi kuliko Java, na inasikitisha kwamba haisikiki sana kwetu.

Wapo wanaoanza na JavaScript, na hao huingia katika mtindo wa matukio bila kujua: kitufe kimebonyezwa, ukurasa umemaliza kufunguka, jibu limefika kutoka kwenye seva. Msimbo haushuki tena kutoka juu hadi chini, unasubiri kuitwa. Mtu aliyezoea amri hushangaa kwa nini mstari wa kumi umetekelezwa baada ya mstari wa ishirini, na akidhani kompyuta imekosea atapoteza siku nzima. Kwa watoto mtindo huohuo unapatikana katika Scratch, iliyotolewa na MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mwaka 2007, ambayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Walimu wa msingi, itumieni. Mtoto anayepanga vipande ili jambo litokee bendera inapobofywa anafanya kazi ileile ya mtunzi wa kurasa za wavuti.

Mtindo wa funksheni unaofundishwa kwa usafi zaidi uko katika ukoo wa Lisp, ambayo John McCarthy aliianza mwaka 1958, na hasa katika Scheme ya mwaka 1975 na mzao wake Racket. Nilipoifungua Racket nilijiona nimerudi nyumbani. Haskell ni nzuri pia, ila haimsubiri mtu.

Umebaki mtindo wa mantiki, ambao watu huupita haraka na mimi sitaki tuupite. Prolog ilizaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na wenzake, nayo hudai ukweli na kanuni. Unaieleza kwamba Asha amemdhamini Juma, na Juma amemdhamini Neema. Kisha unatoa kanuni: mtu anafungwa na deni la mwingine akiwa amemdhamini, au akiwa amemdhamini mtu anayefungwa na deni hilo. Ukiuliza nani anafungwa na deni la Neema, itakujibu Juma, halafu Asha. Ukiigeuza ukauliza Asha anafungwa na madeni ya nani, kanuni ileile inajibu bila kuandikwa upya. Sijui njia nyingine inayomwonyesha anayeanza upesi hivyo kwamba programu inaweza kuwa maelezo ya ukweli.

Kwa msomaji wangu, na kwa yeyote aliyekwama kama yeye, ushauri wangu ni kubaki na Python na kuhama mitindo ndani yake. Aandike hesabu ya michango kwa amri, kisha kwa funksheni, kisha kwa klasi, halafu aiweke michango hiyo katika SQLite, kanzidata ndogo inayokuja pamoja na Python bila kupakuliwa peke yake, na aulize:

SELECT SUM(kiasi) FROM michango WHERE kiasi >= 20000;

Akishaziona kazi hizo zikitoa jibu moja, aifungue tena Java, na ataona kilichokuwa kikimtesa. Ila kama ni karani, mhasibu au mtunza ghala, aanze na SQL moja kwa moja, kwa sababu nusu ya fikra zake tayari zinaishi huko. Asikubali kuambiwa kwamba hiyo si lugha.

Nanyi mnaokaa upande wa pili wa meza za usaili, nina ombi. Kijana akiwaambia anajua SQL na lahajedwali, mpeni jedwali la mikopo na jingine la marejesho, mwambieni awatafutie wanachama waliochelewa kulipa na kiasi wanachodaiwa, kisha mumwache aandike. Muulizeni kwa nini ameunganisha majedwali kwa namna aliyochagua, na mwanachama ambaye hajawahi kurejesha hata shilingi moja ataonekana wapi katika jibu lake. Akilijibu swali hilo la mwisho sawasawa, mkabidhini kazi. Vitanzi atajifunza akiwa nanyi.