Chaneli ya ioni haionekani kwa macho, sasa mnajuaje inafunguka?

SWALI: Habari dokta. Nasoma baiolojia mwaka wa pili, juzi tumefundishwa kwamba chaneli ya ioni kwenye neva (yaani protini yenye tundu la kupitisha ioni, chembe zenye chaji) inafunguka na kujifunga ndani ya milisekunde, na mwalimu akataja mpaka kiasi cha umeme unaopita kwenye chaneli MOJA. Mi nikabaki najiuliza, kitu chenyewe hakionekani hata kwa hadubini ya maabara yetu, mnajuaje? Au mnakadiria tu? Alafu kipokezi na chaneli ni kitu kimoja au viwili?

JIBU: Salama kabisa. Hatukadirii, tunaona ikifunguka laivu kwenye skrini, ila tunachokiona ni umeme wake, sio yenyewe.

Zamani kweli ilikuwa kukisia, tena kwa akili sana. Mwaka 1952 wanasayansi Hodgkin na Huxley walichapisha vipimo vya neva nene ya ngisi, lakini pale walikuwa wanapima chaneli nyingi mno kwa mpigo, kwahiyo grafu ikatoka laini tu. Ni sawa na mvua kubwa juu ya bati, unasikia mvumo mmoja, tone moja moja hulisikii. Sasa ukitaka kusikia tone moja unafanyaje? Unachukua kipande kidogo cha bati, kidogo mpaka tone likidondoka linakuwa peke yake. Hicho ndicho walichofanya wanasayansi Neher na Sakmann kule Ujerumani mwaka 1976 kwa msuli wa chura, wakapata Nobel 1991. Mbinu inaitwa pachi klampu, na pachi ni kiraka tu, kiraka cha utando wa seli.

Kwa vitendo iko hivi. Una pipeti ya kioo, ncha yake ina tundu la kama maikromita 1, ndani maji ya chumvi na waya wa fedha. Unaishusha taratibu huku unaangalia kwenye hadubini, na unapuliza kidogo ili ncha isishike uchafu, ikigusa seli unaachia pumzi alafu unavuta kwa mdomo kupitia mrija wa plastiki, ndio, kwa mdomo, kama mtu anaonja chai ya moto. Ukiwa na bahati utando unang'ang'ania kioo, na ukinzani (yaani ugumu wa umeme kupita) unaruka kutoka megaohmu 5 hivi mpaka zaidi ya gigaohmu 1. Ukikosa bahati tupa pipeti chukua nyingine, na siku zingine utatupa nyingi tu.

Huo mziba kati ya utando na kioo ndio roho ya kazi. Umeme wa chaneli moja ni pikoampea chache, yaani sehemu chache za trilioni za ampea, umeme ukivuja kidogo tu pembeni umeshaumeza huo wa chaneli. Mi nimewahi kumaliza mchana mzima nawinda kelele ya hezi 50, ile ya umeme wa ukutani, kwenye rekodi, nikakagua waya zote, kumbe ni chaja ya simu ya mtu iko nyuma ya meza!

Mambo yakikaa sawa, kwenye skrini unaona mstari umetulia, ghafla unashuka ngazi moja, unakaa pale milisekunde 2, unarudi juu. Unashuka tena, safari hii milisekunde 7, unarudi. Muda unabadilika ovyo ila kina cha ngazi ni kile kile. Hakuna kufunguka robo robo (zipo chaneli zenye ngazi za katikati, ila hiyo iache kwanza). Na pikoampea 1 ni kama ioni milioni 6 kwa sekunde, kwahiyo unaangalia maelfu ya ioni yakipita kwenye protini moja ndani ya milisekunde.

Mbishi atasema hiyo ni kelele tu ya mashine. Sawa, kwenye msuli ndani ya pipeti tunaweka pia asetilikolini, kemikali ya neva inayofungua chaneli hizi; itoe, ngazi zinapotea karibu zote. Badilisha volti, kina cha ngazi kinabadilika nayo. Na kiraka kikiwa na chaneli mbili, zikifunguka pamoja mstari unashuka mara mbili kamili, sio mara moja na nusu. Kelele haina adabu hiyo.

Swali la pili ni fupi. Kipokezi kinapokea ujumbe wa kemikali, chaneli inapitisha ioni. Kile cha asetilikolini kwenye msuli ni vyote viwili ndani ya protini moja, vipande vitano vimezunguka tundu, asetilikolini mbili zikikaa mahali pake tundu linafunguka. Ila chaneli ya sodiamu ya neva inafunguliwa na volti, haisubiri kemikali, na kuna vipokezi visivyo na tundu kabisa, kama vile vya asetilikolini kwenye moyo, vyenyewe vinatuma protini nyingine ikafungue chaneli ya potasiamu pembeni. Ndio maana moyo unajibu taratibu kuliko msuli wa mkono.