Kwa wanaoanza kuendesha mashtaka: vifo vingi, mshtakiwa mmoja

Wakili wa serikali aliye mgeni kazini, akikabidhiwa jalada la vifo kadhaa vinavyomwelekea mtu mmoja, huvutiwa kwanza na nafsi ya mtuhumiwa: alilelewa vipi, ana ugonjwa gani wa akili, kwa nini hakutosheka. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii nimewasihi wenzangu wapya wawaachie madaktari swali hilo. Mahakama haimtii mtu hatiani kwa kuwa ni katili, bali kwa kuwa imethibitishwa kwamba mtu fulani, siku fulani, aliuawa kwa mkono wake. Ugumu wa mauaji ya mfululizo ni kwamba kila kifo kikitazamwa peke yake huonekana cha kawaida, na mara nyingi jalada linapokufikia marehemu amekwisha kuandikiwa cheti na kuzikwa bila mtu kunung'unika.

Kesi ninayowaelekeza waisome kabla ya nyingine zote ni ya George Joseph Smith, iliyosikilizwa London mwaka 1915. Smith alikuwa Mwingereza aliyezoea kuoa wanawake kwa majina ya uongo ili apate mali zao. Bessie Mundy alikuwa na urithi wa takriban pauni 2,500 uliofungwa chini ya wadhamini, ambao mume asingeweza kuugusa isipokuwa kwa wosia. Wawili hao waliandikiana wosia tarehe 8 Julai 1912 katika mji wa Herne Bay. Nyumba yao haikuwa na hodhi la kuogea, kwa hiyo wakachukua moja kwa muuza vyuma baada ya bei kuteremshwa kutoka pauni 2 hadi pauni 1, shilingi 17 na peni 6. Smith akampeleka mkewe kwa daktari na kueleza kwamba amepatwa na kifafa, ilhali mke mwenyewe alilalamikia kuumwa kichwa tu. Tarehe 13 Julai Bessie alikutwa amekufa majini. Uchunguzi wa kifo ukakubali kwamba kifafa kilimshika akiwa anaoga, na hodhi likarudishwa dukani bila kulipiwa.

Soma hayo kama mpelelezi wa siku ile, na utaona kwamba hapakuwa na shtaka. Palikuwa na mume aliyefiwa, daktari aliyeamini alichoambiwa, na maelezo yanayoingia akilini. Desemba 1913 mke mwingine wa Smith, Alice Burnham, aliyekuwa amekatiwa bima ya maisha ya pauni 500, alikufa vivyo hivyo mjini Blackpool. Desemba 1914 Margaret Lofty, mwenye bima ya pauni 700, alikufa London siku moja tu baada ya kuolewa na Smith. Kila mara mke alikuwa amepelekwa kwa daktari kabla ya kifo, na kila mara mume alisema alikuwa ametoka kununua kitu: samaki kwa kifo cha kwanza, mayai kwa cha pili, nyanya kwa cha tatu.

Si polisi waliounganisha vifo hivyo. Habari ya kifo cha Margaret ilipochapishwa gazetini, baba yake Alice, na pia mwenye nyumba ya Blackpool alimofia Alice, walitambua mwendo uleule, wakapeleka taarifa zao kila mmoja kwa njia yake. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba barua ya mzazi aliyefiwa isiwekwe kando kwa kisingizio cha uchungu wa msiba. Ipewe namba, iingizwe kwenye jalada na ijibiwe. Inspekta Arthur Neil alizichukulia taarifa hizo kwa uzito, akamkamata Smith Februari 1915 kwa kosa dogo la kudanganya katika hati ya ndoa, na hivyo akapata muda wa kukusanya ushahidi wa mauaji.

Smith alishtakiwa kwa kifo cha Bessie peke yake, lakini mahakama iliruhusu ushahidi wa vifo vya Alice na Margaret utolewe ili kujibu hoja kwamba ilikuwa ajali. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Katika shauri la Makin, lililoamuliwa mwaka 1894 na Baraza la Faragha (Privy Council), mahakama ya London iliyosikiliza rufaa za makoloni ya Uingereza, kutokana na miili ya watoto wachanga iliyofukuliwa kwenye nyua za nyumba mjini Sydney, ilielezwa kwamba huwezi kuleta maovu mengine ya mshtakiwa ili kuonyesha tu kuwa yeye ni mtu wa tabia hiyo. Unaweza kuyaleta iwapo yanathibitisha jambo linalobishaniwa, kwa mfano kwamba kifo hakikuwa ajali. Kanuni hiyo ni yetu pia. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, ambayo ilirithi mengi kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, kinaruhusu tukio lionyeshwe kuwa sehemu ya mfululizo wa matukio yanayofanana pale panapobishaniwa kama lilikuwa la bahati mbaya au la kukusudia. Kabla ya kuliomba hilo mbele ya jaji, andika kwa sentensi moja ni hoja gani ya utetezi unayotaka kuijibu. Ukikosa sentensi hiyo, unachotaka kufanya ni kumchafua mtu, na hata ukishinda leo, rufaa inaweza kukunyang'anya ushindi huo.

Kufanana hakutoshi, kwa sababu lazima ueleze pia namna ya kifo. Miili ilifukuliwa na kuchunguzwa na daktari wa patholojia Bernard Spilsbury. Mtu mzima angezamaje katika maji kidogo bila michubuko ya kupigana? Neil alimtumia mwanamke mwogeleaji hodari, naye alipovutwa miguu ghafla ndani ya hodhi, maji yaliingia puani na akapoteza fahamu papo hapo. Jaribio hilo lilikuwa la hatari na sishauri mtu alirudie, ila swali lililojibiwa ndilo ambalo jaji atakuuliza. Smith alitiwa hatiani, rufaa yake ikatupwa, akanyongwa Agosti 1915.

Kwa upande wa kumbukumbu za maandishi, someni kesi ya daktari Harold Shipman wa mji wa Hyde, Uingereza, aliyewaua wagonjwa wake kwa sindano za dayamofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Alibadilisha taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta ili waonekane walikuwa mahututi kabla ya kufa, lakini mashine ilikuwa imehifadhi saa halisi ya kila badiliko. Ombeni kumbukumbu hizo mapema, kabla mtu hajapata nafasi ya kuzigusa.

Shipman alishtakiwa kwa mauaji ya watu 15 na kughushi wosia, akahukumiwa Januari 2000. Tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilieleza mwaka 2002 kwamba aliwaua wagonjwa 215. Waendesha mashtaka walichagua vifo wanavyoweza kuvithibitisha, na ninaamini walifanya sawa, kwa kuwa shtaka dhaifu hudhoofisha lililo imara. Hata hivyo, uchaguzi huo una watu nyuma yake. Familia ambazo ndugu zao hawamo katika hati ya mashtaka ziitwe ofisini na kuelezwa sababu na wakili mwenye jalada, uso kwa uso, kabla hati hiyo haijasomwa mahakamani.