Kabla hujaomba watu wengine

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma kwa utulivu. Unasema umekabidhiwa timu ya watu 12 waliochaguliwa kwa sifa zao, kwamba wanamaliza kazi walizopangiwa kwa wakati, lakini miezi inapita bila yeyote kuleta wazo jipya. Na unaniuliza kama uuombe uongozi ukubadilishie wachache, upewe wenye vipaji zaidi. Jibu langu ni hapana, angalau kwa sasa.

Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa vikundi vya watu wawili hadi watano waliopewa kazi za namna mbalimbali. Akili ya mwanakikundi mmojammoja, hata ya yule aliyewapita wote, ilihusiana kwa kiasi kidogo tu na matokeo ya kikundi. Kilichohusiana zaidi ni kupokezana kuzungumza bila mtu mmoja kuhodhi maongezi, uwezo wa kutambua hisia za wenzao, na pia idadi ya wanawake kikundini, jambo ambalo mama yako hakuweza kulisoma bila kutabasamu. Kampuni ya Google nayo, katika uchunguzi ulioanza mwaka 2012 na kugusa timu zake 180 hivi, ilifikia hitimisho la kukaribiana na hilo: muhimu zaidi ni jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja kuliko nani yumo.

Sasa nikurudishe kwenye sentensi yako mwenyewe iliyonishtua. Uliandika, na nilihisi fahari ndani yake, kwamba vikao vyako havina mabishano na kwamba taarifa za makosa ni chache mno. Amy Edmondson, alipokuwa akichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri na uhusiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume, kwamba timu hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo yaliyokuja kuthibitika ni kwamba huko watu waliyasema makosa yao, na kwingine waliyaficha. Kwa hiyo kabla hujaufurahia ukimya wa timu yako, jiulize ni nini kilimpata mtu wa mwisho aliyekuletea habari mbaya. Je, alishukuriwa kisha akaulizwa anahitaji msaada gani, au aliulizwa mbele ya wenzake kwa nini hakuliona jambo hilo mapema? Watu hawasahau jibu la namna hiyo, na wale waliolishuhudia wakiwa kimya hujifunza zaidi kutokana na jibu hilo kuliko hata aliyeambiwa. Na mtu asiyethubutu kusema kwamba mpango una kasoro hawezi kuthubutu kuleta wazo ambalo bado ni nusu, kwa maana wazo jipya likizaliwa huwa na kasoro nyingi kuliko mpango wowote wa zamani.

Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida ana kamba ya kuvuta, au siku hizi kitufe cha kubonyeza, anapoona tatizo, na wengi husifu kamba hiyo. Mimi nasifu kinachofuata baada yake: kiongozi wa kikundi hufika mara moja kusaidia, na mstari wa uzalishaji husimama iwapo tatizo halijatatuliwa kwa muda uliopo. Bila msaada huo kufika, kamba ingebaki pambo.

Usidhani nakushauri ulegeze masharti. Tarehe za kukabidhi kazi zibaki, na kazi mbovu irudishwe kwa mwenyewe. Ninachotaka kiondoke ni kebehi na woga.

Kuhusu vikao vyenu vya kutafuta mawazo, ambavyo unasema vinachukua asubuhi nzima, nina shaka navyo. Mwaka 1958 watafiti wa chuo kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vilivyowaza kwa pamoja na idadi ileile ya watu waliowaza kila mmoja peke yake, kisha mawazo ya hao wa pili yakakusanywa, na hao wa pili wakawa na mawazo mengi zaidi. Sababu zake unaweza kuziona katika chumba chako: mmoja akizungumza wengine husubiri zamu hadi walichonacho kipotee, na bosi akishatoa maoni wengi humfuata. Kila mtu aandike peke yake kwanza, kikao kiwe cha kuchambua na kuunganisha yaliyoandikwa, na wewe uwe wa mwisho kusema.

Halafu watu 12 ni wengi kwa swali moja. Kati yao kuna jozi 66 za kuelewana au kutoelewana. Wagawe wawe sita kwa sita, kila kundi na tatizo lake la mteja, na jozi hushuka hadi 15 kwa kila kundi.

Uwe pia na subira kuliko uongozi wako unavyopenda. Spencer Silver wa kampuni ya 3M alipata gundi dhaifu mwaka 1968 isiyo na matumizi ya wazi, akaendelea kuwaeleza wenzake habari zake. Mmoja wa wenzake hao, Art Fry, akaifikiria kwa ajili ya alama za vitabu mwaka 1974, na vikaratasi vya kubandika na kubandua vikaingia sokoni Marekani nzima mwaka 1980. Kama Silver angeambiwa afunge mdomo, Fry asingekuwa na cha kukumbuka.

Fanya hayo kwa miezi sita. Ikiwa baada ya hapo yupo anayeendelea kuwadhihaki wenzake kila wanapouliza, basi huyo aondoke, hata kama ndiye fundi kuliko wote. Barua kwa uongozi iandike wakati huo, ukimtaja mtu mmoja na matendo yake, na nafasi yake uombe mtu aliyewahi kukaa karibu na wateja, kwa maana katika orodha uliyoniandikia sikuona hata mmoja wa aina hiyo.

Mama yako